Mguu Ulioombewa

Sura ya Saba

Mulinge alifunua shuka mpaka kiunoni, akaacha kitambaa kingine kikimsitiri marehemu, halafu akamtazama Inspekta Kaveke.

"Ndugu zake wako nje na gari, madam. Jeneza wameshaleta. Nikichelewa watavunja mlango."

"Hawatavunja. Pima miguu."

"Miguu? Mtu aliyekufa kwa shingo?"

"Pima, daktari."

Mulinge hakuwa daktari, alikuwa ofisa wa kliniki, lakini Mwingi kila mwenye koti jeupe huitwa daktari na hakuna anayebisha. Alichukua futi ya fundi cherehani, akabonyeza mfupa wa nyonga upande wa kulia, akaiteremsha mpaka kwenye kifundo. Kisha upande wa kushoto. Akarudia kushoto. Sajini Nthiwa alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono mmoja kiunoni, maana mgongo wake ulikuwa ukimsumbua tangu mvua za mwaka jana, na harufu ya mochari hakuipenda.

"Kushoto ni mfupi," Mulinge akasema. "Upana wa vidole vitatu hivi. Paja lilivunjika akiwa mtoto, wakalifunga nyumbani na vijiti, mfupa ukaungana ukiwa umepandana. Hapa, shika."

Kaveke akashika. Chini ya ngozi baridi palikuwa na nundu.

"Kwa hivyo haukurefuka."

"Nani alisema ulirefuka?"

"Kanisa zima la Nuu."

Mulinge akakunja futi.

Kalekye, mke wa Mutisya, alikuwa ameokotwa Jumamosi chini ya njia ya mteremko inayoshuka kwenye mto wa mchanga, huko Nuu, mtungi wa maji ukiwa kando yake na ule mshipi wa ngozi wa kubebea, mukwa, ukiwa umemkaa kooni. Mguu wa kulia ulikuwa na akala, kiatu cha tairi. Wa kushoto ulikuwa wazi. Jirani walisema usiku uliotangulia walisikia ugomvi na panga likigonga. Hiyo ilitosha. Mutisya alitiwa pingu kabla ya jua kuzama, na taarifa ikaandikwa kwamba alimnyonga mkewe kwa mukwa.

"Hii alama ya koo," Kaveke akasema. "Mtu akimnyonga mwingine, alama inazunguka."

"Hii haizunguki. Iko mbele tu, na inapanda kuelekea masikio. Madam, wewe ni Mkamba, umebeba maji kwa mukwa?"

"Mpaka nikaingia polisi."

"Basi unajua. Mshipi uko kwenye paji la uso, mtungi uko mgongoni. Ukianguka na mtungi ukaenda nyuma, kichwa kinaenda nao. Mshipi ukiteleza, unashika koo. Mtu hahitaji kunyongwa na mtu."

"Na huu mguu ungemwangusha?"

"Mguu peke yake, hapana. Amekuwa nao tangu utoto. Lakini tazama." Akasimama, akakanyaga ubao kwa mguu mmoja ili nyonga zake ziende upande. "Nyonga inalala upande wa mguu mfupi. Mgongo nao unapinda ili kichwa kisilale. Siku moja si kitu. Miaka ya kubeba maji, mgongo unalia. Huyu alikuwa akija hapa kwa sababu ya maumivu. Nilimtuma kwa fundi viatu, akawekewa soli nene kushoto, akakaa vizuri. Halafu akaacha kuja."

"Mimi pia mgongo unaniua," Nthiwa akasema kutoka mlangoni. "Labda mguu wangu mmoja ni mfupi?"

"Sajini, karibu kila mtu ana mguu mmoja umepita mwenzake kidogo, na hauwasumbui. Wewe unasumbuliwa na hilo tumbo."

Kaveke alikuwa ameinamia nyayo za marehemu. Unyayo wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto ulikuwa na changarawe iliyozama kwenye ngozi, na mwiba uliovunjikia ndani karibu na kisigino. Juu ya mguu huohuo wa kushoto kulikuwa na mstari mweusi, kama masizi, uliopita kutoka upande hadi upande. Aliusugua kwa kidole kilichovaa glavu. Ulitoka kidogo.

"Mpira," akasema. "Nthiwa, andika. Alivaa kiatu kushoto siku hiyohiyo. Kisha akatembea bila hicho. Hakikumtoka akianguka, kilikuwa kimeshatoka."

"Na kiko wapi?"

"Mto ule ni mchanga, hauna maji ya kubeba kiatu. Kuna mtu alikibeba."

Nje, Nzioka, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameegemea gari lililofungwa vitambaa vyeupe. Alikuwa ametoka Kathonzweni, Makueni, na vumbi la njia nzima lilikuwa kwenye nyusi zake.

"Umemaliza kumchezea dada yangu?"

"Nimemaliza, mzee. Pole kwa msiba."

"Tunamzika kesho saa sita, kwetu. Mbuzi za ntheo tumezirudisha. Baba mdogo wa yule mnyama alizipokea mbele ya wazee, wala hakuinua macho."

Kwa Wakamba mbuzi za ntheo ndizo ndoa yenyewe. Zikipelekwa, mwanamke ni mkeo hata kama hujamaliza mahari. Zikirudi na kupokelewa, si wako tena, hata akiwa maiti, na ardhi yako haina haki naye.

"Nikikuambia kwamba Mutisya hakumuua?"

"Niambie kabla ya saa sita," Nzioka akasema. "Baada ya hapo waambie wachungaji."

Mutisya alikuwa ameketi sakafuni kwenye seli, kidole gumba cha kushoto kimefungwa kitambaa kichafu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Hicho kidole?"

"Panga, afande. Nilikuwa nakata tairi."

"Hukusema hivyo Jumamosi."

"Nilisema. Yule aliyekuwa akiandika aliandika panga. Tairi hakuandika."

Nthiwa akakohoa. Aliyeandika alikuwa mwenzao.

"Eleza sasa," Kaveke akasema.

"Kiatu chake kile cha soli nene walikitundika ukutani kanisani, kiwe ushuhuda. Tangu siku ile ya maombi hajalala chali. Analala kwa magoti, afande, kama mtu anayeomba, kifua juu ya gunia la ndengu. Nikamwambia nenda ukachukue kiatu chako. Akasema akichukua atakuwa amemrudishia Mungu muujiza. Ndio tukagombana. Nikapiga kelele, sikatai. Nikamwambia mimi sigombani na Mungu, nagombana na tairi. Nikakata. Akala mbili. Ya kushoto nikaiwekea tabaka juu ya tabaka, nikapiga misumari. Asubuhi akavaa." Akashika kile kitambaa cha kidoleni. "Akatembea kutoka kwa mlango mpaka kwa zizi, akarudi. Akacheka. Akasema, wewe mzee, sasa unataka nikupite urefu."

"Tairi iliyobaki iko wapi?"

"Nyuma ya jiko. Kama hawajachoma." Kisha akauliza, "Ni kweli baba mdogo alipokea mbuzi?"

"Ni kweli."

"Mkinitoa leo nitazikataa. Sikuwepo. Mtu hapokelewi mbuzi zake akiwa seli."

Kaveke alisimama. Hakuahidi kitu. Alikuwa ameona ahadi nyingi za polisi zikivunda.

Walipita Migwani kwanza, kwa sababu ya Mwinjilisti Jonah, aliyemwombea Kalekye mguu. Nthiwa alimtaka Jonah awe ndiye muuaji. Alisema mtu anayekusanya watu kwa uongo ana sababu ya kunyamazisha mkweli, na Kaveke aliona hoja hiyo si mbaya. Walimkuta kwenye hema lake, anajaribu vipaza sauti. Alikuwa kijana mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa kuliko madirisha ya duka.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mjini Wote, Makueni. Mkutano wa siku nzima. Ulionyeshwa moja kwa moja kwenye Facebook, mama Inspekta. Hata mkuu wako anaweza kuutazama, abarikiwe."

Nthiwa aliutafuta kwenye simu. Alikuwepo, anatoka jasho, saa tatu mpaka saa nane bila kuondoka jukwaani. Nthiwa akarudisha simu mfukoni kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

"Ulimrefusha Kalekye mguu?"

"Bwana alimrefusha. Mimi nilishika tu."

"Sajini ana mgongo. Tuonyeshe."

Jonah hakusita. Alimkalisha Nthiwa kwenye kiti cha plastiki, akampigia magoti, akainua miguu yake kwa visigino. Kweli mguu wa kushoto ulionekana mfupi. Jonah akafumba macho, akaomba kwa sauti, na mguu ukaja taratibu mpaka viatu vikalingana. Vijana wa vipaza sauti wakasema amina.

"Rudia," Kaveke akasema. "Nthiwa, vua viatu. Kaa mpaka nyuma kabisa, mshipi wako uguse kiti. Mwinjilisti, inua miguu moja kwa moja, usiivute upande."

Jonah akainua. Miguu ilikuwa sawa tangu mwanzo.

"Sasa huyu utamwombea nini?"

"Imani haipimwi kwa futi, mama."

"Lakini madam," Nthiwa akasema, akijinyoosha, "mgongo umepata nafuu kweli."

"Nyamaza, Nthiwa. Kalekye yeye mguu ulikuwa mfupi wa kweli. Wake haukulingana."

"Ulikaribia. Watu waliona. Nilisema imani itamalizia kilichobaki. Dada Kalondu, mwenyekiti wa akina mama wa Nuu, ndiye alishika vifundo pamoja nami. Yeye ndiye alipiga kelele ya kwanza." Alitazama viatu vyake. "Wiki iliyopita Kalondu alinipigia simu. Alisema Kalekye anayumba, analalamika mgongo mbele ya watu. Na Jumapili nilikuwa nije na wageni."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia alinde ushuhuda."

"Kwa njia gani?"

"Mama Inspekta, mimi ni mhubiri. Njia ni za wenyeji."

Kaveke alimtazama kwa muda. Alikuwa amelelewa kanisani, na bado kila Jumapili alikuwa akienda. Mungu hajawahi kuomba kusaidiwa kwa uongo, aliwaza, na akaondoka bila kumpa mkono.

Nuu kulikuwa na joto la kuchosha mbuzi. Nyuma ya jiko la Mutisya tairi ilikuwepo, imekatwa vipande viwili virefu, na misumari iliyopinda imetapakaa chini. Kaveke alichukua kipande kilichobaki, akakitia kwenye mfuko. Kisha wakashuka mpaka mtoni.

Wenye visima vya mchanga walikuwa wamekwenda nyumbani. Aliyebaki alikuwa Sugow, mfanyabiashara wa mbuzi, ananywesha kundi lake kwenye karai kabla ya kulipeleka sokoni. Alipoona sare ya Nthiwa alitoa kitambulisho mfukoni kabla hajaulizwa.

"Weka, bwana," Kaveke akasema. "Sitaki kitambulisho. Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Walahi nilikuwa hapa. Kila Jumamosi niko hapa."

"Na askari walikuja?"

"Walikuja. Wakauliza kitambulisho. Nikawapa. Wakasoma sana, wakaenda."

"Hawakuuliza uliona nini?"

"Mama, mimi hapa nikijibu nisichoulizwa, ninalala ndani. Unajua hiyo."

Kaveke alijua. "Mimi ndiye ninauliza. Uliona nini?"

Sugow alimpiga mbuzi mmoja kwa kiganja ili asogee. "Wanawake wawili, juu pale, kwenye mteremko. Mmoja na mtungi mgongoni. Mwingine kitambaa cheupe kichwani, kile cha kanisa, na msalaba wa bluu. Wanaongea kwa mkono mkono, hivi. Halafu yule wa mtungi akainua mguu, akashikilia mti, huyu mwingine akainama. Mimi nilidhani anamtoa mwiba. Nikasema, watu wazuri hawa."

"Halafu?"

"Mbuzi wangu mmoja alikimbia upande ule wa miba. Nikamfuata. Niliporudi sikuona mtu. Baadaye watu wanalia."

"Mwanamume ulimwona?"

"Mwanamume hapana. Mutisya ninamjua, hununua kwangu. Hakuwepo."

"Utasema hivyo mahakamani?"

Sugow alicheka bila furaha. "Mahakamani wataniuliza kitambulisho. Lakini nitasema."

Kaveke alipanda mteremko polepole. Karibu na mti wenye gome lililolainishwa na mikono, mchanga ulikuwa umekanyagwa na watu wengi mno tangu Jumamosi, na hakuna alama iliyosema kitu. Alisimama hapo, akavua kiatu chake cha kushoto, akapanda hatua chache akiwa na cha kulia tu. Nyonga ilikwenda upande mara moja. Na yeye hakuwa na mtungi, na miguu yake ilikuwa sawa.

Kalondu alikuwa uani kwake, anachambua ndengu kwenye ungo pamoja na wanawake wengine. Masufuria makubwa yalikuwa yamefungwa kamba kwa safari ya matanga ya Makueni, na yeye ndiye angeongoza nyimbo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye uso mtulivu, kitambaa cheupe kimekaa sawa kabisa.

"Karibu, mwaitu," alimwambia Kaveke, akimwita mama kwa Kikamba. "Tunajiandaa kumsindikiza dada yetu. Mtakunywa chai?"

"Asante, mama. Labda baadaye. Waombe wenzako watupishe kidogo."

Wanawake walisogea jikoni, na minong'ono yao ikakoma hapohapo. Kalondu aliendelea kuchambua.

"Uliandikisha kwamba Jumamosi asubuhi ulikuwa hapa nyumbani."

"Nilikuwa hapa. Nilikwenda mtoni baadaye, nikamkuta amelala. Ndio nikaita watu. Mungu ndiye shahidi yangu."

Kaveke alitoa kipande cha tairi kwenye mfuko, akakiweka juu ya ungo, katikati ya ndengu.

Vidole vya Kalondu vilisimama.

"Mutisya ni muuaji," akasema. "Atasema chochote."

"Sijasema kimetoka kwa Mutisya."

Jikoni mtu aliangusha kifuniko. Nthiwa alijifanya anasoma kalenda ya kanisa iliyokuwa mlangoni.

"Kuna mtu alikuona mteremkoni," Kaveke akasema. "Uliinama kwenye mguu wake. Mama, mimi sikupata maneno haya kwa Mutisya. Niambie wewe, kwa mdomo wako."

Kalondu aliuweka ungo chini taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Sikumsukuma," akasema.

"Ulifanya nini?"

"Nilikutana naye amebeba maji. Nikaona lile pande la tairi mguuni. Nikamwambia, Kalekye, unamfanya Mungu mwongo? Nilikuwepo mimi. Nilishika huo mguu kwa mikono hii, ukakua, nililia mbele ya kanisa. Akaniambia, dada, haukukua, mgongo wangu unanijua kuliko wewe. Nikamwambia ukivaa hicho unarudisha muujiza, na kilema kikirudi kitarudi na vingine saba. Nilikuwa namwonea huruma. Nilimwogopea."

"Ukamwambia avue."

"Nilimwambia avue. Hakubisha sana. Alikuwa amechoka. Alishikilia mti, nikamsaidia kufungua."

"Kimoja?"

"Hicho kimoja tu. Kingine hakikuwa na makosa."

"Akaanza kupanda."

"Aliniambia shika mtungi basi, unisaidie. Nikamwambia ukitembea kwa imani hutahitaji msaada. Akapanda. Nilikuwa nimegeuka. Nikasikia mtungi tu."

"Ulipomfikia alikuwa anapumua?"

Kalondu alivuta kitambaa chake mbele, ingawa kilikuwa sawa.

"Mama. Alikuwa anapumua?"

"Kidogo. Macho yalikuwa wazi. Nilikuwa na kile kiatu mkononi, mwaitu. Watu wangekuja waone kiatu. Jumapili wageni wanakuja. Nikasema niende nikitupe kwanza, kisha nirudi. Si mbali. Niliporudi..." Hakumalizia.

"Na ulipoona Mutisya anafungwa?"

"Walisikia ugomvi. Nilisema labda Mungu anajua dhambi yake nyingine."

"Kiatu kiko wapi?"

Macho ya Kalondu yalikwenda pembeni ya uwanja, kwenye kibanda cha mabati cha choo.

Nthiwa aliyafuata macho yale. "Hapana," akasema. "Madam, hapana. Mgongo wangu."

"Umeombewa leo, Nthiwa. Tafuta mti mrefu wenye ndoano."

Kazi hiyo iliisha jua likiwa bado juu ya vilima. Nthiwa alitapika mara moja na akatukana kwa Kikamba vitu ambavyo hakutakiwa kutukana karibu na wanawake wa kanisa, nao walisimama mbali, khanga puani, na hakuna aliyemkemea. Walikiosha kwa maji ya ndoo nyingi. Kilikuwa akala ya tabaka nne, imepigwa misumari kwa mkono wa mtu asiye fundi lakini asiyetaka ilegee. Kaveke alilinganisha makali ya soli na kipande kilichobaki. Mistari ya tairi ilikutana bila kupishana.

Mkuu wa kituo alikipokea kwenye mfuko, akakisogeza mbali na chai yake.

"Nimshtaki mama wa kanisa kwa kosa gani? Kumvua mtu kiatu? Kaveke, hii Mwingi nzima itakuja hapa na nyimbo."

"Kwa kuwadanganya polisi. Kwa kuficha ushahidi. Kwa kumwacha mtu akipumua akaenda kutupa kiatu. Kosa la kwanza unaweza kulisoma kwenye taarifa yake mwenyewe."

"Na Jonah?"

"Jonah alisema linda ushuhuda. Hakuna sheria ya hayo maneno."

"Basi huyo Mutisya atatoka kesho, faili ikipita kwa mwendesha mashtaka."

"Kesho saa ngapi, bwana? Mkewe anazikwa saa sita, Makueni."

Mkuu wa kituo alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho.

Faili ilirudi asubuhi, imechelewa kama faili zote. Mutisya alitoka akiwa na shati lilelile alilokamatwa nalo. Kaveke alimweka mbele karibu na dereva, Nthiwa nyuma, wakapita Kitui mjini bila kusimama hata kwa maji. Njiani Mutisya aliuliza jambo moja tu, kama Kalondu alisema ni kwa nini, na Kaveke akamwambia, yote, hata pumzi. Mutisya hakulia. Alitazama mashamba ya ndengu yaliyokauka mpaka yakaisha.

Kathonzweni waliona hema kutoka mbali. Jeneza lilikuwa kando ya kaburi, bado halijashushwa. Watu walipomtambua Mutisya sauti ilipanda kama nyuki waliopigwa jiwe, na wanaume wawili wakainuka na fimbo. Kaveke alitangulia mbele yake, akaenda moja kwa moja kwa Nzioka, akamwambia yote kwa maneno machache, na akamwonyesha akala ndani ya mfuko wa ushahidi.

Nzioka aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama. Aliishika ile akala juu ya plastiki, akaigeuza, akatazama misumari.

"Nimekukosea," akamwambia Mutisya. "Nitasema mbele ya watu wote, sasa hivi, wasikie."

"Basi nipe nikamzike kwangu. Kaburi nitachimba mwenyewe."

"Mbuzi zilipokelewa."

"Nilikuwa seli, shemeji."

"Nilikuwa sijui. Lakini ukoo wako ulipokea, mbele ya wazee wenu na wetu. Baba yako mdogo aliwafungua kamba kwa mkono wake. Nikikuita mume leo, hizo mbuzi nizipokee tena niseme nini? Nimeozesha maiti?"

Mutisya alimtazama Kaveke, kama mtu anayetazama kama kuna karatasi nyingine kwenye faili. Hakukuwa na nyingine. Sheria iliyomtoa seli haikuwa na habari na mbuzi.

Nzioka alifanya alivyosema. Alichukua kipaza sauti, akasema mbele ya watu kwamba Mutisya hana damu mikononi, na kwamba yeye, Nzioka, alimwita mnyama na amekosa. Wazee wakatikisa vichwa. Kisha jeneza likashushwa, ndugu wakamwaga udongo, wa mama mmoja kwanza, kisha wa ukoo, na Mutisya alibaki amesimama nyuma ya kamba ya hema, mikono yake ikiwa haina pa kwenda.

"Wageni waliotoka Kitui," mwenye kipaza sauti akaita, "karibuni mmwage udongo."

Mutisya akajipanga kwenye foleni, nyuma ya Sajini Nthiwa.